Kitu cha Moto

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikufumuka mpaka suruali yenyewe ichakae. Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na mitatu, mke wa dereva wa lori ambaye majirani walimjua zaidi kwa mzigo wa nguo chafu alioushusha kila baada ya wiki sita kuliko kwa sura. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu chini ya mabati: kimoja cha kulala, kimoja cha kazi, na kimoja cha baba mkwe wake.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa chanzo cha yote. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na dawa yake ya sindano ilitaka baridi. Nguzo za umeme ziliishia kwenye kona ya barabara kubwa, hatua mia tatu kutoka mlangoni, na kwa miaka tisa zilisimama palepale kama wageni wanaongoja kukaribishwa. Kwa hiyo dawa ilihifadhiwa kwenye friji la duka la dawa, na kila asubuhi na kila jioni Mama Pindo alivaa kandambili akaenda kuifuata. Duka likifungwa kwa msiba, au mwenye duka akichelewa kuamka, mzee alikosa sindano.

"Mwanangu," mzee alikuwa akimwambia, "mimi sasa nimekuwa samaki. Nikitolewa kwenye barafu naanza kunuka."

"Baba, samaki hashoni vifungo."

"Basi mimi ni samaki fundi."

Na kweli alikuwa fundi. Miaka thelathini alipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, na vidole vile havikujua kukaa bure. Vifungo vyote vya mashati yaliyotoka katika nyumba ile vilipita mikononi mwake, huku redio ndogo ikiongea pajani. Mama Pindo hakuwa na baba tangu utotoni. Alipoolewa alidhani amepata mume. Baadaye aligundua kuwa mume ni mtu wa safari, na kwamba aliyempata hasa ni baba.

Aliposikia kuwa jua linaweza kuendesha friji, hakukimbilia kununua mitambo. Alianza na nyumba yenyewe. Alipaka mabati rangi nyeupe ili yasichemke. Alikusanya vipande vya vitambaa vinavyobaki mezani, akavishindilia kwenye magunia, akayashona magunia hayo yakawa dari nene iliyozuia joto lisishuke. Akatoboa dirisha la pili mbele ya cherehani yake ya kukanyaga, ili mchana asihitaji taa. Friji alilopata kwa mtu alilibadilisha mpira wa mlango, akaliweka kwenye pembe isiyofikiwa na jua, mbali kidogo na ukuta lipate kupumua. Ilimchukua karibu miaka miwili. Watu walimcheka kwamba anashonea nyumba koti. Aliwajibu kuwa heri nyumba yenye koti kuliko mtu mwenye koti asiye na nyumba.

Ndipo akamwita kijana wa kufunga sola. Mtaa ulimwita Injinia, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, kwa kuwa alikuwa amesoma chuo cha ufundi na alipenda kuvaa kofia ngumu hata akienda kununua mkate. Alipanda juu, akafunga paneli mbili, akashusha waya, akaweka betri na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, kwenye pembe ya chumba cha kazi. Friji likanguruma. Mzee akapiga makofi kama mtoto.

Injinia aliosha mikono, akasema, "Mama, la mwisho na la muhimu kuliko yote. Mtambo huu na vitu vya moto havikai pamoja. Ukitumia vitu vya moto, betri itakufa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Hawakuwa wameelewana hata kidogo, na hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Injinia alimaanisha vyombo vinavyogeuza umeme kuwa joto: pasi, birika, jiko la koili, vyombo ambavyo hunywa umeme kwa pupa. Mama Pindo alisikia moto. Na moto, kwa mtu anayepika kwa mkaa, ni moto. Kana kwamba hilo halitoshi, ubavuni pa betri palibandikwa picha ya mwali wa moto uliopigwa mstari mwekundu. Picha ile ilikataza kuwasha moto karibu na betri, basi. Lakini ilikuwa kama shahidi aliyekuja mahakamani kuthibitisha kosa.

Tumelibebesha neno hili mizigo mingi mno. Jiko ni moto, homa ni moto, chai ni moto, na wapo wanaouita umeme wenyewe moto. Injinia alisomeshwa kwa vitabu vya lugha ya mbali. Ilipofika siku ya kusema na mteja wake, aliokota neno la kwanza lililolala njiani, akaondoka. Chuoni walimpima jinsi anavyokaza nati. Hakuna aliyempima jinsi anavyoeleza, wakati maelezo mabovu huunguza nyumba sawasawa na waya mbovu.

Mama Pindo alitii kwa moyo wote. Jiko la mkaa alilihamishia uani, na mvua iliponyesha alipika ameshika mwavuli. Mteja aliyekuja na kikombe cha chai kinachofuka alimsimamisha mlangoni. "Kinywe hukohuko, humu hatuingizi vya moto." Kisha akaitazama pasi yake ya mkaa, ile nzito yenye kishikio cha mti, aliyonyooshea nguo za wateja kwa miaka kumi na sita. Ndiyo iliyokuwa na moto kuliko kitu chochote chumbani. Akampa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, kisha yeye mwenyewe akaenda dukani kununua pasi ya umeme: nyepesi, safi, haina kaa, haina cheche, haina moshi.

"Inakubali sola?" alimuuliza muuzaji.

"Mama, hiyo inakubali soketi. Soketi haiulizi umeme umetoka wapi."

Miezi minne ilipita kama ndoto. Dawa ilikaa nyumbani. Mzee alinenepa mashavu. Mwezi wa tano inveta ikaanza kulia asubuhi: ti, ti, ti, kama kifaranga kilichopotea. Mama Pindo alimpigia Injinia simu.

"Umetumia vitu vya moto?" ndilo swali la kwanza.

"Hata kiberiti hakiingii humu ndani!"

"Una uhakika?"

"Nakuapia, mwanangu."

"Basi punguza matumizi, mama. Bana bana kidogo."

Wakabana. Alizima taa ya uani. Inveta ikalia. Akazima taa ya chumba cha kazi, akawa anaacha kushona jua likianza kuinama. Ikalia. Jioni moja mzee mwenyewe alichomoa redio yake ukutani, akazungusha waya wake taratibu.

"Baba, hiyo acha. Hiyo ndiyo inayokuchangamsha."

"Habari zenyewe ni zilezile, mwanangu. Mwenye nacho kaongezewa, asiye nacho kaambiwa asubiri. Nitasubiri kimyakimya."

Redio ile ilikuwa ikinywa kama shomoro. Pasi, iliyonyoosha suruali nane na sare kumi za shule kila siku, ilikuwa ikinywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Kila jioni betri ilikwenda kulala na njaa. Friji lilikuwa likizimika usiku bila mtu kujua, na asubuhi, jua lilipopanda, likanguruma tena kana kwamba halikutenda neno.

Alhamisi moja mzee alishona vifungo vya shati upande wa nyuma. Mama Pindo alicheka, kisha akamwona anavyokunywa maji, jagi baada ya jagi, na macho yanavyofumba yenyewe akiwa ameketi. Alimbeba kwa pikipiki hadi zahanati, yeye nyuma amemshikilia kama mtu ashikaye gunia lililotoboka. Muuguzi alipima damu, akaomba kuiona dawa waliyokuja nayo. Aliigeuza chupa kwenye mwanga.

"Hii inawekwa wapi?"

"Kwenye friji, dada. Friji letu."

"Friji gani hilo? Dawa hii imepigwa na joto. Mmekuwa mkimchoma maji."

Mzee alilazwa siku tatu, na vipimo vikaonyesha kuwa figo zimeanza kuchoka. Siku ya pili, mume akiwa bado njiani na lori lake, wifi alifika, dada yake mumewe, ametoka mji wa mbali ambako umeme haukatiki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari na kwa kulia. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemzika mama yake kwa ugonjwa uleule, na hofu ya namna hiyo haina adabu.

"Wifi, nilikuachia baba, sikukuachia chombo cha majaribio," alisema ukumbini mwa zahanati, watu wanasikia. "Akipatwa na jambo, utakiona cha moto."

 Mama Pindo alikuwa akijiuliza swali moja tu tangu Alhamisi: nimekosea wapi?

Jumapili mzee alirudishwa nyumbani, na wifi alikuwa tayari amepanga nguo za baba yake kwenye begi. Alikuwa akimchukua aende kukaa kwake. "Mpaka lini?" Mama Pindo aliuliza. Wifi alisema hajui, labda moja kwa moja. Mama Pindo aliomba jambo moja, kwamba wasiondoke kabla Injinia hajaja kueleza ni nini kimeharibika. Kama kosa linatibika, mzee abaki. Wifi akakubali shingo upande.

Injinia alikuja na kofia yake na mashine ya kupimia. Chumbani walikuwepo mzee kwenye kiti chake, wifi ameshika begi, na mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa akingoja suruali yake ya harusi inyooshwe. Injinia alipima betri, akatikisa kichwa. Imekufa, alisema. Imenyonywa kupita kiasi, siku hadi siku.

"Mama, niambie ukweli. Umetumia vitu vya moto?"

"Mwanangu, utaniuliza mara ngapi? Sijatumia!"

"Sawa. Nahitaji soketi nipime inveta."

"Ngoja nitoe pasi, uchomeke mashine yako."

Akachomoa pasi, akaisimamisha mezani juu ya ile suruali ya harusi. Injinia aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la vyombo.

"Hiyo ni nini?"

"Pasi."

"Unaitumia kwenye mtambo huu?"

"Kila siku. Tangu uliponikataza ile ya mkaa."

"Mimi nilikukataza ya mkaa?" Sauti ilimpanda. "Nilikukataza vitu vya moto! Pasi si kitu cha moto?"

"Pasi ya mkaa ndiyo yenye moto! Hii moto wake uko wapi? Nionyeshe! Nilihamisha jiko, nikapika kwenye mvua. Nikawafukuza watu na vikombe vyao vya chai. Nikazima taa, baba yangu akachomoa redio yake, yote kwa ajili ya neno lako!"

Wifi aliweka begi chini. "Kwa hiyo ni wewe," alisema polepole. "Ulikuwa unanyoosha suruali za watu kwa dawa ya baba."

 Injinia alianza kukunja waya za mashine yake. Alikuwa na njia nyepesi mbele yake, pana kama barabara ya lami: mteja hakufuata maelekezo. Wote waliiona njia hiyo. Yeye mwenyewe alishaweka mguu mmoja.

Mzee alikohoa. "Wewe kijana wa suruali," alimwambia mwendesha pikipiki. "Ukiambiwa usitumie kitu cha moto, unaelewa nini?"

"Mimi?" Mwendesha pikipiki alitazama nyuso zote. "Inategemea nani ananiambia, mzee. Akiwa polisi, ni bunduki. Akiwa mke wangu mtarajiwa, ni chai. Akiwa mama mkwe, ndicho nitakachokiona."

Hakuna aliyecheka ila mzee, na hata yeye kicheko kiligeuka kikohozi. "Mmesikia? Pasi hakuitaja. Mimi ndiye niliyemsaidia kubeba lile jiko kulipeleka uani. Nilipanga herufi miaka thelathini, nikasahihisha makosa ya mawakili na maprofesa, na neno hili lilipita mbele yangu nikaona liko sawa. Kama ni kosa, nami niandikeni."

"Baba, hapa hatusahihishi gazeti," alisema wifi, na machozi yakamtoka. "Ulikuwa unakufa."

Injinia akavua kofia. "Neno ni langu," alisema. "Nilipaswa kutaja vitu kwa majina yake. Pasi. Birika. Jiko la koili. Kazi ya dakika moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine." Kisha uso ukambadilika, maana alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Nyumba ngapi?" Mama Pindo aliuliza.

"Zote," alisema. "Huwa nasema hivyohivyo kote."

Kukiri huko kulikuwa kwa haki, na haki ile haikubadilisha kitu. Betri ilikuwa imekufa. Joto halisikilizi utetezi. Mama Pindo alimgeukia mzee, na kabla hajasema, aliona kwamba mzee ameshakata shauri.

"Mwanangu, nitakwenda na huyu," alisema. "Si kwa sababu umekosea. Kwa sababu kwake kuna baridi. Chupa ya dawa haichagui mwenyeji."

"Nitaenda dukani asubuhi na jioni, Baba. Kama zamani."

"Zamani nilikuwa na figo."

Wifi hakumtazama Mama Pindo alipobeba begi. Teksi iligeuza kwa shida kwenye uchochoro, watoto wakaipisha. Mwendesha pikipiki aliichukua suruali yake ikiwa haijanyooshwa, akasema ataivaa hivyohivyo, harusi yenyewe haiangalii magoti. Akaondoka bila kuangalia nyuma.

Siku ya nane tangu mzee aondoke, Injinia alirudi amebeba betri begani. Ilikuwa ya nyumbani kwake. Mkewe, alisema, ataishi na taa ya mkono kwa muda. Alikuwa amechoka, kofia haikuwepo. Alikuwa amepita nyumba kumi na tisa. Katika nne alikuta pasi. Katika moja, ya mama aliyetoka kujifungua, alikuta birika la umeme limefungiwa kabatini, linatumiwa kwa siri kwa sababu ya mume mbahili, na mume huyo alikuwa akizunguka nyumba nzima akizima taa.

"Umewaambiaje sasa?" Mama Pindo aliuliza.

"Nimeshika kila chombo mkononi. Hiki ndiyo. Hiki hapana."

Mama Pindo alianza kupeleka nguo kwa dobi wa barabara kubwa, ambako nguzo zilikuwa zimefika, akimsaidia kufua ili apishwe meza. Ndani ya friji aliweka kipimajoto alichopewa na muuguzi. Muuguzi alimwambia namba isizidi nyuzi nane, isishuke chini ya mbili. Aliandika kwenye karatasi asubuhi, mchana na jioni. Nne. Tano. Tano. Sita. Nne. Hata siku mbili za mawingu haikufika nane, kwa sababu ya ile dari ya magunia na mlango uliobana sawasawa. Nyumba ilikuwa njema. Nyumba ilikuwa njema tangu mwanzo.

Siku ya kumi na nne tangu aanze kuandika, alimpigia wifi.

"Wifi, friji limeshika. Wiki mbili kamili. Nimeandika kila kitu, naweza kukusomea."

"Nimesikia."

"Baba anaendeleaje?"

"Yupo."

"Nipe nimsalimu."

"Amelala."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Nyuma ya sauti ya wifi, kiti kilikwaruza sakafu, na ile sauti aliyoizoea ikauliza, dhaifu lakini macho kabisa: "Nani huyo kwenye simu?"

"Wamekosea namba, Baba," alisema wifi. Simu ikakatika.

Mama Pindo alikaa na simu mkononi. Alijaribu kumkasirikia wifi, hasira ikaja ikakosa pa kukaa. Aliyesema vile alikuwa mtoto aliyemzika mama yake. Lakini mzee hakuwa dawa, wala hakuwa begi. Alikuwa na mdomo wake, na alikuwa ameuliza swali, akajibiwa uongo.

Alikunja karatasi ya vipimo, akaitia kifuani. Alimpigia Injinia, akamwambia aje achukue ufunguo.

"Uniandikie namba asubuhi, mchana na jioni. Ikipanda usinifiche."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kusahihisha namba iliyokosewa."

"Na asipokuruhusu kuondoka naye?"

"Sitaki kuruhusiwa. Nataka mzee aulizwe, mimi nikiwepo. Akisema anabaki kule, nitarudi peke yangu."

Alivaa viatu vya safari. Kituoni basi lilikuwa limeshawaka, kondakta anapiga ubavu kwa kiganja akiita wa mwisho, wa mwisho. Mama Pindo alipanda. Kulikuwa na kiti kimoja, karibu na injini, mahali pasipotakiwa na mtu kwa sababu ya joto. Akaketi hapo.